Kuhariri maandishi ya mkono kwenye tableti ya kalamu: mwongozo kamili

Wengi wanaonunua tableti yenye kalamu huitumia kama daftari la kawaida. Mtu anaandika, akikosea anafuta, ukurasa ukijaa anafungua mwingine. Baada ya miezi kadhaa anajikuta na lundo la kurasa zenye mishale, nyota na maneno yaliyobanwa pembeni, sawasawa na zile alizokuwa nazo kwenye karatasi. Hapo wengine hukata tamaa, wengine hukaa chini na kuanza kuchapa kila kitu upya kwa kibodi.

Hakuna haja ya kufika huko. Maandishi ya mkono yaliyo kwenye kioo yanaharirika yakiwa bado maandishi ya mkono: unaweza kuhamisha sentensi, kupenyeza ajenda iliyosahauliwa, kubadili rangi, kunyoosha mistari iliyopinda. Ninachosisitiza katika mwongozo huu wote ni hiki: hariri wino ukiwa wino. Kuugeuza kuwa herufi za chapa kuwe kazi ya mwisho, tena kwa sehemu ile tu inayohitaji.

Tutatumia mfano mmoja. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa amerudi nyumbani na ukurasa wa kikao. Kuna tarehe, majina ya waliohudhuria, ajenda nne, na katikati kuna mstari unaosema "Mkopo wa ng'ombe: 150,000, marejesho miezi 6". Mwanafunzi wa chuo au mwalimu anayeandaa somo atayafuata mambo yale yale.

Wino wa kwenye kioo ukoje

Tangu ncha ya kalamu inapogusa kioo hadi inaponyanyuliwa, mashine inahesabu kuwa umeweka kitu kimoja. Nitakiita mpigo. Ndani ya kila mpigo zimehifadhiwa nukta nyingi zinazofuatana, kila moja na mahali pake, na mara nyingi na kiasi cha nguvu ulichokandamiza. Programu nyingi za madaftari hazihifadhi picha ya mwandiko wako, zinahifadhi mipigo hiyo. Ndiyo maana unaweza kugeuza rangi ya neno uliloandika mwezi uliopita. Wino huu umelala juu ya ukurasa kama uzi uliowekwa juu ya kitambaa bila kushonwa.

Hili lina matokeo unayopaswa kuyakumbuka kila unaposhika kalamu. Kwako "ng'ombe" ni neno. Kwa mashine ni mipigo kadhaa, na ile alama ndogo ya ng' ni mpigo unaojitegemea. Nukta ya i inajitegemea. Mkato uliomo kwenye 150,000 unajitegemea. Rangi ya kuangazia uliyopitisha juu ya neno nayo ni mpigo mwingine, hauna uhusiano wowote na neno lililo chini yake. Karibu kero zote za kuhariri zinaanzia hapa.

Inafaa pia kujua kwa nini sishauri kukimbilia chapa. Apple ilipotoa Newton, kompyuta ndogo ya mkononi, mwaka 1993, kifaa kile kilijaribu kusoma mwandiko na kuugeuza papo hapo, na makosa yake yakawa mzaha magazetini. Kampuni ya Palm, mwaka 1996, ilikwepa tatizo kwa kumtaka mtumiaji ajifunze maumbo maalumu ya herufi, karibu yote ya mpigo mmoja mmoja. Microsoft ilipoleta Windows ya tableti za kalamu mwaka 2002, programu yake ya daftari iliuacha wino kama ulivyo, na kuusoma kimyakimya ili tu uweze kutafuta maneno. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyoshinda, na ndiyo tunayoifuata.

Kalamu na mipangilio

Kalamu lazima iendane na kifaa. Apple Pencil haifanyi kazi kwenye Samsung, na S Pen, kalamu ya Samsung, haifanyi kazi kwenye iPad. Zile kalamu za bei nafuu zenye ncha ya mpira zinaandika karibu kwenye kioo chochote cha kugusa, lakini kioo kinaziona kama kidole: hazitambui nguvu ya mkono, na kiganja chako kikigusa kioo nacho kinachora. Kwa kutia saini zinatosha. Kwa kuhariri, ambako unatakiwa kuzungushia alama ndogo kama mkato, zitakuchosha.

Kabla ya kazi, fanya mambo mawili kwenye mipangilio. Kwanza, kama programu inakuruhusu, zuia kidole kuchora, kibaki cha kusogeza na kukuza ukurasa tu. Pili, jua njia ya mkato ya kufikia kifutio. Apple Pencil ya kizazi cha pili hubadili zana ukiigonga mara mbili ubavuni, S Pen ina kitufe, na Surface Pen ya Microsoft ina kifutio kwenye mkia wake. Ukilazimika kupanda juu kwenye menyu kila unapotaka kufuta, utaacha kuhariri na kurudia kukwangua maneno.

Halafu tafuta ilipo alama ya kutendua, yaani ya kurudisha nyuma ulichofanya. Itumie bila kujibana.

Andika ukijua kwamba utahariri

Nusu ya kazi ya kuhariri inafanyika wakati wa kuandika. Chagua ukurasa wenye mistari, kisha ruka mstari mmoja kati ya hoja na hoja. Karatasi ya kioo haiishi, kwa hiyo kubana hakukuokolei chochote, na nafasi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kupitisha kitanzi, zana ya kuzungushia na kuchagua maandishi, baadaye bila kugusa maneno ya jirani. Kiswahili kina ng, nj, ny na p kwa wingi, na mikia ya herufi hizo hushuka hadi kwenye mstari wa chini. Ukiandika kwa kubana, kila utakapochukua neno la chini utaondoka na mkia wa neno la juu.

Nyanyua kalamu kati ya neno na neno. Tarakimu ziandike moja moja, zisiungane. Wakati wa kikao usihangaike kufuta: pitisha mstari mmoja juu ya kosa na uendelee. Kufuta kunachukua macho yako kutoka kwa anayezungumza, na hoja inayofuata inakupita.

Tumia rangi moja kwa yaliyosemwa na nyingine kwa maoni yako mwenyewe. Usiwe na tatu wala nne. Rangi mbili zinakutosha kujua baadaye kipi kilitoka kikaoni na kipi kilitoka kichwani mwako.

Kwanza nakili ukurasa

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya ukurasa au ya daftari zima. Programu nyingi za madaftari zina amri hiyo. Nakala ya kwanza iache ilivyo, hariri ya pili. Kwa katibu hili si la hiari. Mwanachama akija kubisha kuhusu kiasi cha mkopo, kitakachosaidia ni ukurasa ulioandikwa kikaoni, pamoja na makosa yake.

Kufuta: vifutio viwili, kazi mbili

Programu nyingi zina aina mbili za kifutio, na watu wengi hutumia ile waliyoikuta. Cha kwanza hufuta mpigo mzima kwa kuugusa mara moja. Cha pili hufuta pale tu kilipopita, kama raba ya kwenye karatasi. Notes ya Apple na OneNote ya Microsoft zinazo zote mbili.

Anza na kile cha mpigo mzima. Ni cha haraka na hakiachi mabaki. Ukigusa tarakimu 5 kwenye 150,000, inaondoka yenyewe na nyingine zinabaki. Shida yake inaonekana kwa mtu mwenye mwandiko wa kuunganisha: "mwenyekiti" inaweza kuondoka karibu yote kwa mguso mmoja kwa sababu aliiandika bila kunyanyua kalamu.

Kifutio cha raba kitumie kwa kupunguza mkia uliozidi au kukata mstari uliovuka mpaka. Usikitumie kutengeneza herufi. Ukipita katikati ya m, mpigo mmoja unakuwa vipande viwili, na siku utakapotaka kuuhamisha kimoja kinaweza kusahaulika. Neno likikosewa, lifute lote, uliandike tena.

Kwenye fedha nina kanuni kali zaidi: usibadili tarakimu moja ndani ya kiasi. Futa kiasi chote na ukiandike upya, hata kama kosa ni sifuri moja. Tarakimu iliyopachikwa katikati ya nyingine haitapangana nazo, na msomaji atashuku hata pale ambapo kila kitu ni sahihi.

Programu ya madaftari ya Goodnotes, tangu toleo la 6 la mwaka 2023, inaruhusu kufuta kwa kukwangua neno kwa kalamu ile ile unayoandikia. Ukizoea ni njia ya haraka sana, ila ichunge unapochora michoro yenye kivuli, kwa sababu mikwaruzo ya kivuli nayo inaweza kudhaniwa ni amri ya kufuta.

Kitanzi, zana unayopaswa kuijua kuliko zote

Kitanzi kina alama ya duara la nukta nukta. Unakizungusha kuzunguka maandishi, yanachaguliwa, kisha unaweza kuyaburuta, kuyakata, kuyanakili, kuyakuza, kuyapunguza au kuyabadili rangi. Anayekijua vizuri ameshajua sehemu kubwa ya kazi hii.

Chukua mfano wetu. Mstari wa mkopo wa ng'ombe umeandikwa chini ya ajenda ya pili, na ulipaswa kuwa chini ya ya tatu. Kuza ukurasa kwanza hadi mstari ule ujaze upana wa kioo. Anzia kitanzi mahali peupe, mbali kidogo na herufi ya kwanza, upite juu ya maneno katikati ya nafasi uliyoruka, ushuke mwisho wa mstari, urudi kwa chini hadi ulipoanzia. Nyanyua kalamu. Usianze kuburuta bado. Tazama kilichochaguliwa: je, alama ya ng' imo? Nukta ya i kwenye "miezi" imo? Mkato wa 150,000 umo? Mkato ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu unashuka chini ya mstari na kitanzi hupita juu yake. Ukikosa kimoja, gonga pembeni ili kuachia, uzungushe upya kwa duara pana zaidi. Usiseme utakichora tena ukifika, maana hutakumbuka, na 150,000 itakuwa 150000 kwenye kumbukumbu za kikundi.

Ukishaburuta, rudi utazame mahali mstari ulipotoka. Nukta iliyobaki pale peke yake ni ushahidi kwamba kuna i iliyoondoka bila nukta yake. Tendua, urudie.

Programu hazichagui kwa namna moja. Nyingine huchukua mpigo pale tu sehemu yake kubwa inapokuwa ndani ya kitanzi, nyingine huchukua chochote kilichoguswa. Jaribu kwenye ukurasa mtupu: andika neno lenye g, pitisha kitanzi kikate mkia wake, uone kama litachaguliwa. Ukishajua tabia ya programu yako utajua pia upana wa kitanzi chako.

Rangi ya kuangazia inataka uangalifu wake. Ukihamisha neno lililoangaziwa, ile rangi ya njano inaweza kubaki nyuma ikiangaza mahali patupu. Katika Goodnotes unaweza kuiambia zana ya kitanzi ichague vitu gani, mwandiko, picha au maandishi ya chapa, hivyo hakikisha aina unayoihitaji haijazimwa. Mimi hushauri kuangazia kufanywe mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukaa mahali pake.

Kwenye Notes ya iPad kuna njia fupi: gonga neno mara mbili lichaguliwe, au mara tatu uchague sentensi, bila kuchukua kitanzi. Inategemea mashine kuelewa neno linaanzia na kuishia wapi, ndiyo maana nafasi kati ya maneno ina thamani.

Kupenyeza kilichosahaulika

Kwenye karatasi ungechora mshale. Hapa unasukuma yaliyo chini yapishe.

OneNote ya Windows ina zana ya kuingiza nafasi kwenye sehemu ya kuchora. Unagusa pale unapotaka nafasi ianzie, unaburuta chini, na kila kilicho chini kinashuka pamoja, wino, picha na chapa. Ukiburuta kwenda juu, nafasi iliyozidi inapungua. Kwenye Notes ya Apple unachagua maandishi, unagonga chaguo la kuongeza nafasi juu yake, kisha unaburuta.

Programu yako isipokuwa na zana hiyo, punguza ukubwa wa ukurasa hadi uuone wote, zungushia kitanzi kila kilicho chini ya mahali unapotaka, na ukiburute chini. Kama ni programu ya kurasa zenye ukomo, angalia ukingo wa chini kwanza. Ongeza ukurasa mpya, kata hoja mbili za mwisho uzibandike huko, ndipo usukume zilizobaki. Ukisukuma bila kutazama, mistari ya mwisho inaweza kuvuka ukingo wa ukurasa.

Sentensi ya kupenyeza iandike kwa ukubwa ule ule wa kukuza uliotumia mwanzo, la sivyo itatoka nyembamba au kubwa kuliko jirani zake. Ikitoka hivyo, ichague kwa kitanzi uivute kwa kona.

Jambo moja la kuepuka: usiandike kwa kalamu juu ya maandishi ya chapa ambayo bado unayahariri. Ukiongeza neno la chapa, mistari inasogea, na duara ulilochora kwa wino linaweza kubaki limezungushia neno lisilohusika. Kama ni faili la PDF unalotaka kuandika juu yake ndani ya OneNote, liingize kama picha ya kuchapisha, kisha ulifanye kuwa usuli wa ukurasa ili lisisogee.

Kunyoosha

Mwandiko unaopanda kilima ni wa kawaida unapoandika umesimama au tableti iko mapajani. Notes ya Apple na Samsung Notes zina amri ya kunyoosha maandishi uliyoyachagua. Chagua aya moja moja, usichague ukurasa mzima, kwa sababu michoro na jedwali vinaweza kuvurugwa pamoja. Tangu mfumo wa iPadOS 18 wa mwaka 2024, iPad inaweza pia kusafisha mwandiko wenyewe, ikilainisha herufi huku ikibaki na umbo la mkono wako. Kwa kumbukumbu za kikundi sioni umuhimu wake. Zikisomeka, zinatosha.

Kugeuza kuwa chapa, na habari ya Kiswahili

Geuza kile tu ambacho mtu mwingine atakihariri au kukinakili: maazimio, orodha ya majina, barua itakayotoka. Mjadala wenyewe ubaki wino.

Lugha ndiyo inayosumbua. Kisomaji mwandiko hakitazami umbo la herufi tu, kinalinganisha pia na maneno kinayoyajua. Kikisoma Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza, kinalazimisha maneno yetu yafanane na ya huko. Scribble ya iPad, inayogeuza mwandiko kuwa chapa, kwa mfano, ilianza mwaka 2020 na Kiingereza na Kichina. Kwa hiyo kabla ya kugeuza, ingia kwenye mipangilio ya lugha ya programu uone kama Kiswahili kimo. Kwenye Android unaweza kuongeza Kiswahili ndani ya Gboard, kibodi ya Google, na kuchagua mpangilio wa kuandika kwa mkono. Huo unaandika chapa moja kwa moja, hausomi ukurasa ulioandikwa jana, lakini kwa kuandika maazimio upya ni wa haraka kuliko kusahihisha ubishi wa mashine.

Ukigeuza, geuza aya moja, uisome yote huku wino wa asili ukiwa mbele yako, ndipo uende ya pili. Anza kukagua majina ya watu, fedha, tarehe, na maneno yenye ng'. Alama ile ikipotea, "ng'oa" inageuka "ngoa", na anayekagua makosa kwa macho ya haraka haioni.

Utafutaji una tatizo hilo hilo la lugha, na dawa yake ni rahisi. Juu ya kila ukurasa chapa kwa kibodi mstari mmoja wa maneno muhimu: "kikao Machi mkopo ng'ombe marejesho". Maneno ya chapa hutafutika bila kutegemea mashine isome mwandiko wako, na mwaka mmoja baadaye utaupata ukurasa kwa sekunde chache.

Kumbukumbu rasmi na siri

Kumbukumbu zikishasomwa na kukubaliwa kikaoni, acha kuzihariri kwa kifutio. Marekebisho yafanywe kama kwenye kitabu cha kumbukumbu: mstari mmoja juu ya kilichokosewa ili kiendelee kusomeka, sahihi iandikwe juu yake, pembeni ziwekwe herufi za jina la mwenyekiti na tarehe.

Na kama kuna kitu hutaki kionekane, labda namba ya simu ya mwanachama au deni lake, usikifunike kwa kupaka rangi nyeusi. Kumbuka mipigo: kilicho chini bado kipo, na mwenye faili anaweza kuisogeza ile rangi pembeni kwa kitanzi akakisoma. Futa mipigo yenyewe kwenye nakala ya kutuma.

Kutuma

Tuma PDF kwa watakaosoma tu, na chapa kwa watakaohariri. Faili la programu yenyewe mpe tu mtu mwenye programu hiyo unayemwamini na wino wako. Kabla ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp, lifungue hilo PDF kwenye simu ya kawaida, kwa sababu wengi watalisomea huko. Mwandiko uliosomeka vizuri kwenye kioo cha inchi 11 unaweza kuwa ukungu kwenye simu. Ukiona hivyo, rudi kwenye ukurasa, chagua maazimio kwa kitanzi, uyakuze, uyahamishie kwenye ukurasa wao peke yao, na utume huo uwe wa kwanza.